Fundi Mwezangu

Alipofika kwenye kipengele cha "Kazi ya mama", Bi Kochi hakusita hata kidogo. Alimwambia dada wa stesheni, pale dukani wanapochapa na kujaza fomu, aandike "mama wa nyumbani", kama alivyomwambia mwaka jana na mwaka juzi, wakasogea kwenye kipengele kinachofuata. Alikuwa amechoka. Na si uchovu ule wa kulala ukaamka umekwisha. Huu ulishahamia mwilini na vyombo vyake vyote.

Ilikuwa mara ya tatu anaomba kusoma shahada ya uzamili, na ilikuwa ya mwisho. Nafasi ya ufadhili ni moja tu kwa mwaka, na haitolewi kwa mtu aliyefikisha miaka arobaini na mitano. Yeye alikuwa na arobaini na minne na miezi tisa. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaiweza.

Jina la Bi Kochi alipewa na mtaa, kwa sababu anatengeneza makochi. Zamani alikuwa mwalimu wa historia, ana shahada yake ya kwanza iko ukutani ndani ya fremu ya mninga aliyoichonga baba yake. Shule aliyokuwa akifundisha ikafungwa. Wiki hiyohiyo baba akaanza kuumwa kifua, akamwambia, "Njoo unishikie duka mpaka nipone." Hakupona. Sasa ni mwaka wa tisa Bi Kochi anashika duka. Aliwahi kuolewa pia akaachika, na hilo halina hadithi.

Duka lenyewe ni chumba cha mbele cha nyumba yao. Kuna meza ndefu, cherehani, magunia ya sufi na misumari ya kila saizi kwenye makopo ya maziwa. Wateja huleta makochi yao yamebonyea katikati, wanataka yarudi kama siku yaliponunuliwa, na wanataka kesho. Sehemu ya nyuma ndiyo wanayoishi, yeye na mama yake.

Alichotaka kusomea ni historia ya sanaa za mapambo na ubunifu. Yaani historia ya vitu tunavyovikalia, tunavyovinywea na tunavyovifungulia mlango: nani alivitengeneza, kwa mkono gani, na kwa nini mguu wa kiti upinde hivi na usipinde vile. Ni somo zuri kweli. Lakini neno mapambo lilimponza.

"Mapambo!" alisema jirani wa saluni siku aliposikia. "Shoga, hilo nalo ni la kwenda chuo kikuu? Mimi nina mdogo wangu anapamba kumbi za harusi, atakufundisha kwa wiki mbili, na mashati ya viti anakugawia."

"Si hayo mapambo."

"Kwani yako mapambo mangapi?"

Jirani angecheka yakaisha, si kitu. Kasheshe ni kwamba na chuoni nako walielewa vilevile. Mwaka wa kwanza alipata barua imeanza na "Hongera!", moyo ukamruka, akaisoma mpaka chini. Alikuwa amechaguliwa kujiunga na kozi ya miezi mitatu ya upambaji wa kumbi. Mwanafunzi aje na maputo yake, riboni za rangi mbili na ngazi.

Alikwenda mwenyewe mpaka kwa karani wa udahili, barua mkononi.

"Si umeandika mapambo?" karani alimwuliza.

"Nimeandika historia ya sanaa za mapambo. Shahada ya uzamili."

Karani alimtazama kwa huruma ya kweli kabisa. "Sasa mama, mapambo yana historia gani? Yanafungwa asubuhi, sherehe ikiisha yanang'olewa."

Faili lilikuwa limekaa kwenye kabati lisilo lake mpaka muda wa maombi ukapita. Mwaka ukaenda hivyohivyo, kwa ajili ya maputo.

Mwaka wa pili faili lilifika kunakohusika, na majibu yalikuwa ya mistari miwili tu: "Hoja ya mwombaji inavutia sana. Hata hivyo, daftari la mwombaji mwenyewe si ushahidi." Hapo ndipo alipoumia hasa, kwa sababu walisema kweli.

Hoja yenyewe ilikuwa hii. Fundi wa makochi wa zamani, kabla hajafunga kiti, alikuwa akiandika ndani yake. Anaandika kwa penseli ya seremala kwenye ubao wa mbele, chini ya sufi na gunia, mahali ambapo mwenye kiti hatapaona maisha yake yote. Hamwandikii mteja. Anamwandikia fundi atakayekifungua kiti hicho baada ya miaka ishirini au thelathini. Bi Kochi aliliona jambo hilo mara ya kwanza mwezi mmoja baada ya kumzika baba yake. Alivua kitambaa cha kochi la mteja mmoja, akatoa sufi, na baba akamsalimia kutoka ndani: FUNDI MWEZANGU MGUU WA NYUMA UMEPASUKA NIMETIA GUNDI USIUKAZE.

Alilia siku hiyo mpaka akatia sufi maji.

Toka hapo kila kiti cha baba kilichorudi dukani alikifungua roho juu. FUNDI MWEZANGU SUFI HII NZURI USIITUPE. FUNDI MWEZANGU NIMEKOSA MISUMARI MIFUPI SAMAHANI. Kimoja kilimchekesha peke yake mpaka mama akaja kuchungulia: FUNDI MWEZANGU HUYU MTEJA ANA MANENO MENGI JIPE MOYO. Yote aliyanakili kwenye daftari, na tarehe zake. Vilifika viti kumi na kimoja. Na kwenye vyote baba alikosea neno lilelile kwa namna ileile: mwezangu, bila n ya katikati. Mafundi wengine waliandika mwenzangu kama watu. Kwa hiyo n iliyokosekana ndiyo ikawa sahihi ya baba. Ukikuta kiti hakina n, kimetoka duka hili.

Ila hakupiga picha hata moja. Simu aliyokuwa nayo wakati huo ilikuwa ya kupiga na kupokea, na wala hakuwa akifikiria chuo. Alikuwa akinakili kwa sababu amemkumbuka baba yake. Viti vikafungwa, vikarudi kwa wenyewe, na wenyewe wakahama. Mwaka huu wa tatu alizunguka mjini kuvitafuta. Nyumba moja waliuza. Nyingine walikichoma kiti kuni, wakamwambia bila aibu, "Kiliwaka vizuri." Mama mmoja mwenye kochi la watu watatu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza, "Yaani nikuachie uvue kochi langu lote, upige picha ubao, halafu urudishe?" Alipoitikia ndiyo, yule mama alimwita mumewe aje naye asikie.

Kikabaki kimoja, ambacho hakikuwamo hata kwenye daftari. Kilikuwa sebuleni kwao, karibu na dirisha, na mama yake alikuwa amekikalia.

Baba alimtengenezea mama kiti hicho mwaka alioanza kuumwa mgongo. Kina mikono mipana ya mbao na kitambaa cha kijani ambacho sasa kimekuwa rangi ya chai. Hakijafunguliwa hata mara moja. Bi Kochi alishaomba mwanzoni mwa mwaka, mama akasema, "Na mimi nikae wapi?" Akaomba tena baadaye, mama akasema mgongo unamuuma. Aliomba mara nyingi, na kila mara mama alikuwa na jibu jipya, mpaka ikafika Alhamisi, na maombi yanafungwa Ijumaa saa sita mchana.

Alhamisi hiyo Bi Kochi alirudi kutoka stesheni na insha yake imekwisha kuchapwa, kurasa kumi na mbili, kichwa chake "Mkono wa Baba". Alikaa sakafuni mbele ya mama yake, akasoma kwa sauti. Alisoma kuhusu ubao na penseli na n iliyokosekana, na alipofika kwenye sentensi inayosema "mkono huu ni wa fundi mmoja tu, baba yangu, ambaye aliwaandikia watu asiowajua," mama alimkatiza.

"Umeandika hivyo? Mkono wake?"

"Ndiyo, Mama."

"Na hao watu wa chuo watasoma?"

"Watasoma, ila hawataamini bila picha. Ndiyo maana nakuomba kiti."

Mama alishika mikono ya kiti kama mtu anayeogopa kuanguka, akageuza uso dirishani.

Ndipo Bi Kochi alipoziweka karatasi chini. "Basi, Mama," alisema. "Basi. Sipeleki. Nimechoka kuomba. Naomba chuo, naomba wateja, naomba kiti ndani ya nyumba ya baba yangu. Kaa tu. Nimechoka, na huo ndio ukweli."

Hakusema kwa hasira, na nadhani hilo ndilo lililomshinda mama. Angepigiwa kelele angejibu, mdomo anao. Alimtazama binti yake pale sakafuni, na vumbi la sponji kwenye nywele na kidole gumba kilichofungwa plasta, akajiinua taratibu kutoka kwenye kiti, akasimama akishikilia ukuta.

"Haya," alisema. "Fungua. Lakini sufi uianike juani, imekaa humo miaka mingi."

Bi Kochi alikibeba kiti mpaka dukani kabla mama hajabadili mawazo. Aling'oa misumari mmojammoja na kuiweka kwenye kopo. Akavua kitambaa, akavua gunia, akaitoa sufi kwa mikono miwili na kuitandaza juani juu ya mkeka. Kisha akapuliza vumbi kwenye ubao wa mbele, na maandishi yakatokea, meusi kabisa kama yameandikwa jana: FUNDI MWEZANGU HIKI NI CHA MKE WANGU ANAUMWA MGONGO USIPUNGUZE SUFI. Chini yake, tarehe.

"Mama! Yapo! Njoo uone, yapo!"

Alipiga picha ya mbali, ya karibu, ya upande, na moja na rula imewekwa pembeni kama wanavyotaka chuoni. Kwa mara ya kwanza mwaka huo alihisi mabega yameshuka. Ushahidi huo hapo. Tarehe ipo, penseli ipo, n haipo.

Mama alikuja polepole, akasimama nyuma yake, akayasoma midomo ikicheza bila sauti. Macho yalimlegea. Kisha akanyoosha mkono.

"Lete penseli."

"Ya nini?"

"Kiti kikifunguliwa kinaandikwa. Baba yako hakufunga kiti bila kuandikwa. Lete."

Bi Kochi akampa penseli ya seremala, akamwekea sponji apigie magoti. Mama aliinama akilalamikia mgongo, akaufuta ubao kwa kiganja chini ya yale maandishi ya zamani, na akaandika kwa herufi kubwa, haraka, bila kufikiri, kama mtu anayekunja nguo alizozizoea: FUNDI MWEZANGU KIMEFUNGULIWA NA BINTI YETU SUFI IMEANIKWA.

Bi Kochi alitazama ubao. Akatazama juu, akatazama chini. M ilikuwa ileile, na miguu yake imetanuka. G ilikuwa ileile, na mkia wake unaopinda kushoto.

"Mama," alisema. "Umesahau n."

"N gani?"

"Kwenye mwenzangu. Kuna n katikati."

Mama aliweka miwani sawa, akalitazama neno. "Wapi? Mwezangu. Si ndivyo linavyoandikwa?"

Hapo mama wa watu alijifunga mwenyewe, na hata hakujua amejifungia wapi. Angeweza kusema amesahau, au kwamba ameiga yale ya juu. Lakini alikuwa amebishana kwa ajili ya herufi, kama mwandishi yeyote.

"Mama. Nani aliandika haya ya juu?"

Nje kuku wa jirani alikuwa akinyemelea sufi, na hakuna aliyemfukuza.

"Nilikuwa namshikia kitambaa," mama alisema hatimaye. "Wewe unatumwa maji, mimi naingia kumshikia kitambaa. Ananiambia maneno, naandika."

"Yote?"

"Yote."

"Kwa hiyo hilo kosa si la baba."

"Baba yako hajawahi kukosea herufi hata moja," mama alisema. "Hakuwahi kuandika."

Bi Kochi alikaa kwenye gunia. Mambo yalianza kumjia, na yote alikuwa akiyajua tangu utoto. Ni kwamba alikuwa ameyapanga vibaya. Baba na miwani yake ambayo kila siku "nimeisahau ndani". Baba aliyenunua gazeti kila Jumamosi na kumpa mama amsomee, ati kwa sababu ana sauti tamu. Hadithi hiyo ya sauti tamu Bi Kochi aliwahi kuisimulia darasani kama mfano wa mapenzi. Na kila kiti kilipokaribia kufungwa: "Mwanangu, kaniletee maji." Maji aliyoyachota ule utoto wote yangejaza bwawa.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Alikuwa mtu na heshima zake," mama alisema, akijiinua kutoka magotini. "Watu wazima walikuwa wanamletea barua awasomee, kwa sababu ni fundi, anaonekana anajua. Anawaambia miwani iko ndani. Anaingia nayo, namsomea, anatoka anawaeleza. Amekufa na heshima zake. Sasa wewe unataka kuzipeleka chuo kikuu."

Bi Kochi alikasirika, lakini hata hasira yenyewe ilikuwa imechoka, haikufika popote. Kurasa kumi na mbili. Kila ukurasa mkono wa baba, mkono wa baba. Na kibaya zaidi ni kwamba picha zilikuwa safi. Angepeleka insha kama ilivyo, nani angejua? Karani wa maputo? Waliotaka ushahidi wangepata ushahidi, baba angebaki na heshima zake, yeye angepata nafasi. Kitu kimoja tu kisingekuwa kweli.

Alimfukuza kuku, akageuza sufi upande wa pili, akarudi kukaa. Hawakuzungumza tena juu ya jambo hilo siku hiyo. Mama alikula amesimama.

Asubuhi ya Ijumaa alimkuta mama jikoni juu ya kigoda, ameegemea mlango, uso umekunjamana kwa maumivu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umeamua nini?"

"Sijui. Nikisema kweli namwaibisha Baba. Nisiposema nadanganya."

"Ukipeleka ilivyo sitakulaumu. Mimi sina ninachopoteza."

Bi Kochi alimimina chai vikombe viwili. Kuna kitu kilikuwa kimemkaa tangu jana. "Mama, lile la mteja mwenye maneno mengi. Alisema Baba?"

Mama alicheka kabla hajaweza kujizuia. "Lile langu. Yule mama alituchosha, Mungu anisamehe. Baba yako alisema andika kiti kimekwisha. Nikaona, masikini fundi atakayekuja, naye si atakutana na yule yule? Nikampa moyo."

"Na la sufi nzuri?"

"Lake. Sufi yake hiyo, atakosaje kuisifu."

"Na la samahani, misumari mifupi?"

"Langu. Baba yako aombe samahani kwa fundi mwingine? Wewe ulimjua." Mama akapuliza chai. "Yeye alikuwa anasema kidogo. Mimi najaza. Yeye anafunga kamba, mimi nashona mito, naandika, tunafunga. Ndivyo tulivyokuwa tunafanya kazi."

Bi Kochi aliweka kikombe chini. Alikuwa amesoma viti kumi na kimoja, kimoja baada ya kingine, akilia na kucheka, na kumbe nusu ya muda alikuwa akichekeshwa na mwanamke aliyekuwa chumba cha pili akichambua mchele.

"Siwezi kukutoa kwenye insha, Mama," alisema. "Hata kama ni kwa ajili ya Baba."

Mama alizungusha kidole kwenye ukingo wa kikombe.

"Andika, basi," alisema. "Ila usiseme hakujua kusoma. Sema hakuwa na haja."

"Hakuwa na haja?"

"Alikuwa na mimi. Haja ya nini?"

Saa tatu na nusu Bi Kochi alikuwa stesheni, jasho linamtoka, picha kwenye simu. Dada wa stesheni ni binti mmoja mwenye kucha ndefu anayechapa haraka kuliko watu wanavyosema. Alimpokea kwa tabasamu la mtu aliyetenda wema.

"Nilikuwa nakusubiri kwa hamu. Jana ulipoondoka niliipitia tena kazi yako, nikakuta neno moja umelikosea kila mahali. Nimekurekebishia lote. Bure!"

"Neno gani?"

"Mwezangu. Ulikuwa unasahau n. Sasa iko sawa, kurasa zote."

Bi Kochi alishika meza. Kama kuna siku angezimia hadharani ilikuwa ni hiyo. "Mwanangu," alisema, kwa upole uliotoka sijui wapi, "rudisha makosa."

"Mama?"

"Rudisha makosa yangu yote, moja moja, yalivyokuwa. Halafu tubadilishe kichwa cha habari. Halafu kuna mambo ya kuongeza, na mengine ya kufuta. Tuna saa mbili na nusu."

Walifanya kazi. Bi Kochi alisema, binti akachapa. Kila palipoandikwa "mkono wa baba yangu" alisimama, akafikiri, akasema vingine. Kilichokuwa insha ya fundi mmoja kikawa insha ya duka, la mtu anayefunga kamba na mtu anayeandika, na mistari yote iliyokuwa inasifu mwandiko wa baba ikahamia kwa mwenyewe, mama. Kuhusu kusoma aliandika sentensi moja tu, aliyopewa jikoni. Alipoisema kwa sauti, yule binti aliacha kuchapa, akamtazama, kisha akaichapa.

Katikati mashine ya kuchapa ilikwama na karatasi za mteja mwingine. Mtandao ukakatika, ukarudi, ukakatika. Saa tano na dakika arobaini picha zilikuwa bado zinapanda, na kale kaduara kanakozunguka kwenye kioo kalimfanya Bi Kochi atamani kulala palepale chini, kichwa juu ya maboksi ya karatasi.

"Zimeingia," dada alisema mwisho. "Sasa tunapitia fomu mara ya mwisho. Jina, sawa. Umri, sawa. Shahada inayoombwa: historia ya sanaa za mapambo na ubunifu. Hii si ya kumbi, eh?"

"Si ya kumbi."

"Kazi ya baba: fundi makochi, marehemu. Kazi ya mama: mama wa nyumbani. Sawa. Nitume?"

"Subiri."

"Mama, saa!"

"Futa hapo kwenye mama."

Binti akafuta. Kisanduku kikabaki cheupe, na kile kimstari kinawakawaka kikisubiri. "Niandike nini?"

"Fundi makochi."

"Wote wawili?"

"Wote wawili," alisema Bi Kochi.

Fomu iliondoka ikiwa imebaki dakika sita. Majibu baada ya miezi miwili. Watakubali au watakataa. Pengine itaangukia tena kwa wenye maputo. Alitembea kurudi nyumbani polepole, na jirani wa saluni alipomwita, "Profesa wa mapambo!" alimpungia tu mkono.

Mama alikuwa dukani, amesimama kando ya fremu ya kiti chake kilicho wazi. Sufi alishaiingiza ndani mwenyewe, mafungu kwa mafungu, na mgongo wake ule. Ilikuwa imefura, nyepesi, na ilinukia jua.

"Umepeleka?"

"Nimepeleka."

"Na mimi? Kwenye makaratasi yao umeniandika nani?"

"Nimekuandika fundi."

Mama alimtazama kuona kama anataniwa. Alipoona hataniwi aliinamia sufi, akawa anaipanga ndani ya kiti ambako hapakuwa na haja ya kupangwa, akapangusa jicho kwa mgongo wa mkono. Bi Kochi alivuta gunia, akashika upande mmoja, akangoja ashikiwe wa pili.

"Vuta kwako kwanza," mama alisema. "Hapo pana mkunjo. Baba yako angeupigia kelele." Akashika upande wake wa gunia, akaukaza kwa nguvu ambayo mtu asingemdhania, kisha akatikisa kichwa kuelekea mezani.

"Haya, fundi mwenzangu, chukua nyundo tufunge. Nimesimama tangu jana."

Kwa mdomo alilitamka vizuri kabisa, n na yote.